Mbu wa Spielberg, nyigu wa Butiama
Jurassic Park, filamu ya Steven Spielberg ya 1993, niliiona kwenye kibanda cha video Musoma. Tulipiga mayowe, sikatai. Lakini ilituachia uongo: kwamba kaharabu, utomvu wa mti uliogeuka jiwe, ni ghala la damu ya kufufulia dinosauri. DNA haidumu hivyo. Kibaya zaidi, mdudu mwenyewe amefanywa chupa tu.

Mimi ningetazama filamu ya nyigu. Mwaka 1967 Wilson, Carpenter na Brown walieleza mdudu wa kaharabu ya New Jersey, wa takriban miaka milioni 90: hana mabawa, kiuno cha sisimizi, taya fupi za nyigu. Wakamwita Sphecomyrma, yaani nyigu-sisimizi. Sisimizi, kumbe, ni tawi la ukoo wa nyigu.

Bibi yangu Butiama hufanya kazi hiyohiyo. Mgeni akifika kutoka Bunda, humkagua sura kwanza, kisha huuliza ukoo. Nilipomwambia nyigu wa darini na siafu wa mlangoni ni ndugu, hakushangaa. Aliuliza nani mkubwa.