Namba ya Siri Iliyokatwa Vipande Viwili

Katika historia ya waifai ya nyumbani hakuna uamuzi unaostahili lawama kuliko ule wa waandaaji wa WPS, utaratibu wa kuunganisha vifaa bila kuandika nenosiri, walipokubali kwamba namba ya siri yenye tarakimu 8 ihakikiwe nusu nusu. Kifaa kinachotaka kujiunga hubadilishana na ruta ujumbe kadhaa kwa zamu: tarakimu 4 za kwanza zikikosewa, ruta hukataa baada ya ujumbe wa nne, na zikiwa sahihi huendelea hadi ujumbe wa sita ndipo ikatae, kwa hiyo mvamizi huelezwa na mlinzi mwenyewe ni nusu ipi aliyokwisha kuipata. Tarakimu ya nane nayo si siri, kwani hukokotolewa kutokana na saba zinazoitangulia, na hivyo majaribio 10,000,000 ya tarakimu hizo saba yanashuka hadi 10,000 ya nusu ya kwanza na 1,000 ya nusu ya pili. Kila jaribio likichukua sekunde 2, kazi ya siku 231 inamalizika kwa saa 6 na ushei.

Mtafiti Stefan Viehböck aliyaweka hayo hadharani Desemba 2011, na lililokera zaidi ni kwamba namba hiyo ikishapatikana ruta hukabidhi nenosiri lenyewe, hata kama mwenye nyumba amelibadilisha jana yake. Saa 6 hizo zina uzito wake Kariakoo, ambako ghorofa za Mtaa wa Aggrey na wa Livingstone zimebanana, makazi yakiwa juu ya stoo na fremu za biashara, na mawimbi hayajui kodi ya nani inaishia ukuta upi. Mtu anaweza kuketi chumba cha pili tangu adhuhuri hadi Magharibi bila kumgutusha yeyote.

Kinachoshangaza ni kwamba ndani ya WPS mna mbinu ya Diffie na Hellman ya mwaka 1976, inayowawezesha wawili wasiojuana kupatana ufunguo mbele ya wasikilizaji, nayo ni kazi ya mabingwa ambao warithi wao waliifungia kwenye mlango wa ubao. Wala haifai kusingizia ufupi wa namba. M-Pesa, iliyoanzishwa Tanzania na Vodacom mwaka 2008, ilitumia tarakimu 4 tu, lakini anayekosea mara chache hufungiwa, wala haambiwi tarakimu zipi amepatia. Vifaa vingi vya WPS vya miaka hiyo havikuwa na kizuizi cha maana. Wakala wa pesa chini ya mwavuli alikuwa na ulinzi uliofikiriwa vizuri kuliko ruta ya sebuleni.

Kosa halikuwa la usimbaji wenyewe: WPA2 ya mwaka 2004, kanuni ya usimbaji wa mawasiliano hewani, ilikuwa kazi safi, na ufa ulioonekana mwaka 2017 ulizibwa kwa masasisho.

Kuhusu kasi, safu hii haijachoka kulalamikia tarakimu za kwenye maboksi. Kizazi cha waifai cha mwaka 2009 kiliahidi megabiti 600 kwa sekunde, na kile cha Wi-Fi 7 kinahesabiwa kwa makumi ya gigabiti, lakini bendi ya 2.4 GHz ina chaneli 3 tu zisizopandiana, yaani 1, 6 na 11, zinazogombewa na ghorofa nzima, ilhali mawimbi ya 5 GHz huchoka mapema kwenye kuta za zege. Bendi ya 6 GHz angalau imekuja na sharti la WPA3, kanuni ya mwaka 2018 inayomnyima mvamizi nafasi ya kunasa mazungumzo na kwenda kukisia nenosiri akiwa kwake. Ruta za zamani, ambazo zingali zinapita mkono kwa mkono, hazina sharti hilo, na baadhi yake ziligunduliwa kuendelea kujibu maombi ya WPS hata baada ya mwenye nyumba kuizima kwenye mipangilio.