Wasia wa Binti na Wasia wa Mwana

Kila litokeapo shauri la kuingiza wasichana katika shule ya wavulana iliyojengwa na misheni, watu huuliza kwanza habari za mabweni, za ua na za mlinzi. Maswali hayo ni ya haki, wala hapana mzazi mwenye akili atakayeyadharau. Walakini liko swali jingine litupasalo sisi walimu: watoto hao wakikaa darasa moja, watasomeshwa maneno gani, na kwa namna gani?

Katika Kanisa shauri hili si geni. Baba Mtakatifu Pius XI, katika waraka wake juu ya malezi ya Kikristo wa tarehe 31 Desemba 1929, alikataa waziwazi desturi ya kusomesha wavulana na wasichana pamoja, akainena kuwa ni yenye madhara. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi, haukulirudia katazo lile. Uliagiza kwamba tofauti ya mume na mke, na wajibu wa kila mmoja, viangaliwe katika kulea. Hata leo katika milima yetu ya Usambara wasichana wana Kifungilo yao, na wavulana wana seminari yao ya Soni. Lakini pale mlango unapofunguliwa, yatupasa kujua tofauti hiyo tutaifundishaje. Kwa jambo hili washairi wa pwani wametutangulia, nasi na tuwapime.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, aliwatungia watoto wake tenzi mbili za wasia. Binti alimpa Utenzi wa Hati, na mwana wa kiume alimpa Utenzi wa Adili. Katika Hati alifuata nyayo za Mwana Kupona, bibi wa pwani ya Lamu, aliyemtungia binti yake utenzi wake mashuhuri mwaka 1858.

Sifa ya kwanza ya tenzi hizi za mabinti wengi huipita bila kuiona. Mwana Kupona amwita mwanawe akae karibu, atwae wino. Shaaban Robert amtaka wake aketi juu ya kiti, apate kuandika. Angalieni, ndugu wasomaji: kabla ya kuambiwa neno lolote la jikoni au la nyumba, binti ametiwa kalamu mkononi. Na kile kiti si pambo la kina, maana kiti chenye kuandikiwa ni mahali pa karani na pa mwalimu. Kwangu mimi jambo hili ni kubwa kuliko nasaha nyingi zifuatazo.

Upungufu waja baadaye. Mwana Kupona asema mwanamke ahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Shaaban Robert naye amwusia binti yake utii kwa mume. Siwalaumu kwa kutaka upole nyumbani, maana hata sisi twauhubiri. Lawama yangu ni juu ya utengano. Hati na Adili zimekaa kama shule mbili, kila moja na lango lake, ingawa mengi yaliyomo, kama kumcha Mungu, kuheshimu wazazi na kushika mwenendo mwema, ni ya watoto wote. Dada anaambiwa lake na kaka lake, wala hatuoni mahali waketipo pamoja wasikie wasia mmoja.

Hasara yake niliiona mwenyewe. Nilisomesha Hati katika darasa la wavulana na wasichana, na tulipofika kwenye maneno ya mume, wavulana waligonga madawati kwa furaha, na wasichana wakainamisha vichwa. Nami niliendelea kusoma kana kwamba sikusikia. Kosa halikuwa la mshairi, lilikuwa langu. Maneno yaliyoandikwa na baba kwa upendo yaligeuka kuwa hati ya madai mikononi mwa watu wasiotajwa ndani yake.

Wapo wasemao tenzi hizi ziondolewe. Sikubali, kwa kuwa tukiziondoa twamnyang'anya msichana kile kiti na ile kalamu. Afadhali tubadilishe wasomaji. Mvulana na asome Hati kwa sauti yake mwenyewe, kisha ajibu mbele ya wote: mtu wa kutiiwa hivi, yampasa awe mtu wa namna gani? Msichana na asome Adili, aseme ni lipo humo lisilomhusu.

Makerere ilipopokea wanawake mwaka 1945, iliacha neno lake la zamani lililowahimiza wanafunzi wawe wanaume, ikashika jipya la kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Waliona ya kuwa kitanda kipya peke yake hakimkaribishi mgeni, ikiwa salamu ya nyumba haimtaji.

Samaki mkunje angali mbichi. Shule ya wavulana itakayo kupokea wasichana na ianze kwa kusoma upya vitabu vyake, nyimbo zake na maonyo ya walimu wake, kabla mwashi hajaweka jiwe la kwanza la bweni.