Kusikia kwa Mguu

Barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo hushuka zaidi ya kilomita 30, huku mwamba, huku genge. Niliishuka asubuhi moja na gari langu kuukuu kwa gia ndogo, na breki zikanitii kona zote. Hofu ilinipata chini tambarare, gari likiwa limesimama. Nilikuwa nasubiri malori yapite niingie barabara kuu, mguu juu ya breki, nikasikia pedali inaondoka. Haikuporomoka. Ilizama polepole kama mguu uliokanyaga tope, gari likaanza kutambaa mbele. Nikaachia, nikakanyaga tena upesi. Ikapanda, ngumu, kana kwamba hakuna lililotokea.

Fundi wa kwanza aliongeza mafuta ya breki. Wa pili alibadilisha pedi za mbele, akanionyesha mpya zinavyong'aa. Pedali ikaendelea kuzama. Sikuthubutu tena kuliendesha. Lilifika kwa fundi wa tatu, Korogwe, likiwa limepakiwa kwenye lori.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Haya, pedali inakwambiaje?"

Nilimweleza. Hakufungua boneti. Alivua kiatu cha mguu wa kulia, akaketi kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, akapampu mara kadhaa kumaliza nguvu ya busta inayosaidia mguu, kisha akaweka mguu mtupu juu ya pedali na kunyamaza. Nilitarajia akanyage kwa nguvu zote. Yeye alikanyaga kidogo tu, kama anayepapasa embe kujua limeiva. Baadaye alinieleza sababu: ukikandamiza sana, mafuta yenyewe huitanua midomo ya kapu za mpira ndani ya masta silinda, zikashika ukuta na kuficha ugonjwa wao. Ukikanyaga taratibu, kapu iliyochoka huachia mafuta yapenye yarudi nyuma, na pedali huanza safari yake ya kwenda sakafuni. Mzee aliingoja safari hiyo. Ikaanza.

Kiswahili kimetupa neno moja, kusikia, kwa mlio, kwa harufu, kwa baridi na kwa maumivu. Sikuwahi kulithamini neno hili kama siku ile. Masikio ya mzee yalikuwa barabarani kwenye kelele za bodaboda; alichokisikia alikisikia kwa unyayo. Na unyayo wake ulikuwa na msamiati. Pedali inayobonyea kama sifongo ina hewa ndani: mafuta hayakubali kuminywa, hewa hukubali, na nguvu ya dereva huishia kuiminya. Pedali inayokwenda chini mkanyago wa kwanza na kupanda wa pili mara nyingi husema kwamba viatu vya breki kwenye dramu za nyuma vimekaa mbali na vinahitaji kurekebishwa. Ile inayolegea baada tu ya mteremko mrefu inalalamikia mafuta yaliyozeeka. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishalowa inaweza kuchemka kwenye 140, na mvuke wake ni hewa nyingine ndani ya mipira. Pedali yangu ilizama chini ya mguu uliotulia. Hapo yanabaki mawili: mafuta yanavuja nje, au yanapita ndani.

Akapapasa nyuma ya kila gurudumu. Pakavu. Akaangalia chupa, mafuta hayajashuka. Akalegeza nati mbili, akaisogeza masta mbele kidogo aone kama mafuta yanatorokea kwenye busta, mahali ambapo hayaachi hata tone chini. Pakavu pia. Ndipo akasema, "Ni masta." Ilikuwa imepita nusu saa, na hakuna kilichonunuliwa. Kwangu hiyo ndiyo nusu saa ya thamani kuliko kazi yote iliyofuata, na inanisikitisha kwamba hakuna anayeilipia. Tunalipia kifaa, subira ya fundi tunaiona kuwa ni kuchelewa.

Nilimwomba aweke kapu mpya tu, maana mfuko ulikuwa mwepesi. Alichomoa pistoni ya masta, akapangusa ndani kwa kitambaa, kisha akanishika kidole na kunipitishia ukucha kwenye ukuta wa silinda. Ukakwama. Kutu ilikuwa imechimba vishimo. "Kapu mpya humu zitachanika," alisema. "Nitakuwa nimekuuzia siku chache." Sikubishana tena. Masta mpya ilipofika aliibana kwenye jiriwa, akaijaza mafuta na kuisukuma taratibu mpaka mapovu yakaisha, ndipo akaifunga mahali pake.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili wanaoaminiana. Mimi juu, yeye chini, kwanza gurudumu la nyuma kushoto, kwa kuwa kwenye gari letu la usukani wa kulia ndilo lililo mbali zaidi na masta.

"Pampu!"

Nikapampu.

"Shikilia!"

Nikashikilia. Akafungua nipo, skrubu ndogo ya kutolea upepo, pedali ikashuka chini ya mguu wangu, mapovu yakapita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye chupa ya maji aliyoitia mafuta kidogo. Akafunga. "Achia!" Amri ile haikutangulia spana hata mara moja: ningeachia nipo ikiwa wazi, hewa ingerudi ndani. Tuliimbizana hivyo magurudumu manne, na kila baada ya mikanyago michache aliinuka kuongeza mafuta kabla chupa ya juu haijakauka.

Tulipomaliza aliosha sehemu ya rangi iliyodondokewa na mafuta, maana hula rangi, akanawa mikono na kuagiza chai.

"Sasa vua kiatu, mwalimu. Kanyaga kidogo, kama nilivyokanyaga mimi. Usiachie mpaka nimalize kikombe."

Nikavua. Pedali ilishuka kidogo, ikasimama. Mzee alikunywa bila haraka, akaomba andazi, akazungumza na mwenzake kuhusu mvua. Mguu wangu ulianza kufa ganzi. Chini yake chuma kilikuwa palepale.