Pingili ya Saba

Wapo wanaodhani kuwasimulia watoto sayansi ni kazi nyepesi: unaokota maajabu mawili matatu, unayataja, watoto wanatoa macho, basi. Mimi nauhesabu kuwa ufundi kamili, na anayetaka kuupima aje Katavi.

Chukua kiboko. Kiangazi kikikolea na Mto Katuma ukinywea, viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi hurundikana kwenye madimbwi machache yaliyosalia, migongo ikigusana. Mtoto wa Mpanda hana haja ya picha. Sitalike, kama kilomita 35 kusini mwa mji, atawaona kwa macho yake. Msimulizi mwenye pupa atamwambia kwamba kiboko hutoka jasho la damu, kisha huyo, karukia habari za mamba. Fundi hukaa hapohapo. Humwuliza mtoto: mnyama huyu hana manyoya ya kumkinga, mbona jua hili halimbabui? Humwacha akune kichwa. Ndipo amweleze kuwa ule ute wa ngozini hutoka ukiwa hauna rangi, baada ya dakika chache hugeuka mwekundu, halafu kahawia. Si damu. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walieleza kemikali zake: rangi hizo hukinga ngozi dhidi ya mionzi mikali ya jua, na ile nyekundu huzuia bakteria kukua.

Lakini ajabu ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo mtoto anaweza kuishika. Mwambie ainamishe kichwa, apapase nyuma ya shingo, chini karibu na mabega, mpaka kidole kigote kwenye kifupa kilichojitokeza. Kwa watu wengi hiyo ni pingili ya saba, ya mwisho ya shingo. Sasa mwulize twiga ana ngapi. Watoto watataja ishirini, hamsini, hata mia. Twiga ana saba, sawa na wao, sawa na panya wa ghalani. Tofauti ni urefu wa kila pingili. Kuanzia hapo mtoto hamtazami tena twiga kama mgeni.

Tanzania ina sababu yake ya kuuheshimu ufundi huu wa kukaa na swali. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, alitia maziwa ya moto kwenye friji akitengeneza aiskrimu, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyatia bila kuyachemsha. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakunyamaza. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni wa shule, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne alirudi chuoni, akataka jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na wanasayansi wanaendelea kubishana hadi leo kuhusu matokeo hayo. Mtoto aambiwe hivyohivyo, kwamba ubishi haujaisha. Kumpa jibu la uongo ili somo lifungwe vizuri ni kumwibia.

Walimu wa Mpanda, Nsimbo na Mlele, wapelekeni watoto Sitalike Septemba, maji yakiwa machache na viboko wengi. Kila mtoto aende na swali lake kwenye daftari, aliandike kabla hamjamweleza chochote.