Bendera Juu ya Majarini

Anayeagiza keki ya bendera ya Kenya kwa ajili ya Desemba 12 hudhani ameagiza jambo jepesi: mistari iliyonyooka, ngao katikati, basi. Kwa mwokaji wa Kiandutu, mtaa wa mabati ulio pembeni mwa mji wa Thika, hiyo ni oda ya kumnyima usingizi. Waridi na samawati za keki za watoto hupatikana kwa matone machache tu. Bendera iliyopandishwa mwaka 1963 inataka nyeusi tii, nyekundu iliyokolea, kijani kizito na nyeupe isiyo na doa, na hizo ndizo rangi ambazo krimu ya keki huzikubali kwa shingo upande.

Chanzo cha matata ni majarini. Krimu ya mtaani hupigwa kwa kipimo kinachojulikana na wengi, sehemu moja ya majarini kwa sehemu mbili za sukari ya aisingi, tuseme gramu 250 kwa 500. Matokeo yake ni njano hafifu. Tone la bluu likitiwa humo huleta kijani cha maji ya bwawa. Waridi huelekea rangi ya pichi, na zambarau hugeuka kahawia. Mwokaji mchanga hulaumu chupa ya rangi na kwenda dukani kununua nyingine, ilhali chupa haina kosa. Krimu yake ilikuwa imeshatiwa rangi kabla hajaigusa.

Njano hiyo haikutoka shambani. Mafuta ya mawese yakishasafishwa kiwandani huwa karibu meupe, na watengenezaji huyarudishia rangi, mara nyingi kwa beta-karotini, ili majarini ifanane na siagi ya ng'ombe. Marekani jambo hili lilizua vita vya sheria. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walishinikiza majimbo yapige marufuku majarini ya njano, na machache yakaenda mbali zaidi, yakaamuru iuzwe ikiwa ya waridi ili mnunuzi achukizwe. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifuta amri ya namna hiyo ya jimbo la New Hampshire mwaka 1898. Kwa miaka mingi baadaye, familia za huko zilinunua majarini nyeupe pamoja na kidonge cha rangi, zikaikanda zenyewe jikoni. Kodi ya serikali kuu juu ya majarini ya njano iliondolewa mwaka 1950, na jimbo la Wisconsin lilishikilia marufuku yake hadi 1967.

Kwa hiyo mwokaji mzoefu haanzi na chupa, huanza na mafuta. Thika haina uhaba wa mafuta: kiwanda cha Bidco, kinachotengeneza majarini ya Gold Band na mafuta ya Kimbo, kiko mjini humo humo. Kwa ile mistari myembamba ya nyeupe, sehemu ya majarini, au yote, hubadilishwa kwa mafuta meupe ya mgando. Bei yake ni ladha, kwa sababu mafuta hayo huganda kwenye kaakaa. Mistari ikiwa myembamba hakuna mlaji atakayelalamika, lakini kuifunika keki nzima kwa krimu hiyo ni kumkosea adabu mteja. Njia ya pili ni kuipiga krimu kwa muda mrefu. Viputo vya hewa hutawanya mwanga na kuifanya ionekane nyeupe zaidi, ingawa stima ikipotea katikati ya kazi, ni mkono na mwiko. Ya tatu ndiyo ya ujanja zaidi: chembe ya zambarau iliyochukuliwa kwa ncha ya kijiti cha meno. Zambarau iko mkabala na njano katika duara la rangi, nazo zikikutana hufutana. Ndiyo kazi ya bluu ya kufulia kwenye shati la shule. Ikizidi, krimu huwa ya kijivu, na kijivu hakina dawa.

Kijani ndipo njano ya majarini inapogeuka kuwa rafiki. Nusu ya kazi imeshafanywa, inabaki kuongeza bluu na njano kidogo. Kijani kinachotoka huwa kichangamfu mno, cha majani machanga, wakati cha bendera kimeiva. Hapo huingizwa chembe ya nyekundu, iliyo mkabala na kijani, na rangi inatulia papo hapo. Wengi hukimbilia nyeusi, nayo hukifubaza.

Nyekundu ina hesabu ndefu zaidi. Rangi za maji za chupa ndogo ni nyepesi. Kabla krimu haijatoka kwenye waridi, maji yameshakuwa mengi na mafuta yameanza kujitenga na sukari. Jeli, ambayo rangi yake imekolezwa, huvumilika zaidi, lakini nayo ikitiwa kwa pupa huacha uchungu ulimini. Dawa yake ni subira. Rangi nyingi za chakula huyeyuka majini na si kwenye mafuta, na ndani ya krimu maji ni yale machache yaliyomo kwenye majarini, ambayo sukari imeshayanyonya. Rangi huchukua saa kadhaa kusambaa humo. Krimu inayoonekana waridi iliyokolea saa kumi jioni inaweza kuamka nyekundu. Anayeharakishwa huchota robo ya krimu, huiyeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji moto, huikoroga mpaka rangi izame, huiacha ipoe, kisha huirudisha kwenye krimu iliyobaki. Na kwa kuwa njano ya majarini huivuta nyekundu kuelekea chungwa, chembe ya bluu huirudisha mahali pake.

Lebo nayo isomwe. Si nyekundu zote ni sawa, hata kama kwa macho ni pacha. Mwaka 2009 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kiwango cha juu cha kila siku cha rangi nyekundu ya E129 kuwa miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, na cha nyekundu ya E124 kuwa miligramu 0.7. Kwa mtoto wa kilo 15, hiyo ni miligramu 105 dhidi ya kumi na nusu. Kwenye waridi ya matone mawili tofauti hiyo haina uzito. Kwenye theluthi nzima ya keki iliyokolezwa nyekundu, ina uzito sana.

Nyeusi, ajabu, ndiyo nafuu ukiwa na kakao. Krimu ikishakuwa kahawia iliyoiva, jeli nyeusi kidogo inaimalizia, na keki inabaki na ladha ya chokoleti badala ya ladha ya dawa. Kuanza na krimu ya njano ni kuchoma pesa.

Vipimo hupatikana kwa kijiko. Mwokaji makini huchota gramu 20 za krimu, huhesabu matone mpaka aridhike, kisha huzidisha: matone 3 kwa gramu 20 ni matone 30 kwa gramu 200. Huchanganya zaidi ya anachohitaji, maana kuipata rangi ile ile mara ya pili ni bahati. Na huitazama nje. Ndani ya nyumba ya mabati yenye dirisha dogo, taa ya njano huficha njano ya krimu, na nyeupe iliyopendeza saa mbili usiku huonekana kama samli asubuhi.

Kuna mtego mmoja wa mwisho, nao ni kuvuja kwa rangi. Nyeusi na nyekundu zimejaa rangi inayotafuta maji, na zote zimepakana na nyeupe. Keki ikitoka kwenye friji na kukutana na joto, umande hutanda juu yake, na rangi husafiri nao hadi kwenye mstari mweupe. Kwa hiyo mistari ya rangi hutangulia, huachwa ikauke juu mpaka isishike kidole, na nyeupe hupakwa mwisho, ikiwezekana ile ya mafuta ya mgando yasiyo na maji. Keki ikilala kwenye friji, hutolewa ikiwa ndani ya boksi lililofungwa na kuachwa ipate joto la chumba, ili umande uishie kwenye karatasi. Boksi hufunguliwa baada ya hapo, na ngao na mikuki huchorwa asubuhi ya sherehe.