Karatasi ya Taa ya Samaki na Msomaji Wake wa Kamere

Ukinunua taa ya tangi la samaki wa mapambo, au hita, au pampu ya maji, ndani ya boksi utakuta karatasi iliyokunjwa mara nyingi, yenye maandishi madogo na lugha kadhaa. Haina mwandishi. Sehemu yake ya Kiingereza mara nyingi hufuata kanuni ya Marekani iitwayo UL 1018, inayohusu vifaa vya umeme vya matangi ya samaki. Kanuni hiyo ilitolewa na Underwriters Laboratories, taasisi iliyoanzishwa Chicago mwaka 1894. Ndiyo maana kampuni zinazoshindana sokoni huchapa sentensi zilezile kwa mpangilio uleule. Matini ya namna hii hurithiwa, na hakuna anayethubutu kuigusa. Basi tuisome kama tunavyosoma shairi: nani anasema, anamwambia nani, ameanza na nini na ameficha nini.

Inaanza kwa sauti ya ofisi: soma maagizo yote, chukua tahadhari za kawaida. Kisha neno la hatari linatokea kwa herufi kubwa, likifuatwa na sababu, kwamba kifaa hiki kinatumika penye maji. Baada ya hapo sentensi inabadilika ghafla. Kifaa kikianguka majini, usitie mkono. Chomoa plagi kwanza, ndipo ukitoe. Hapa lugha ya ofisi imevunjika. Kiingereza chake kinaacha urefu wa kiofisi, kinakata neno na kuweka alama ya mshangao, nawe unamsikia mtu anayekufokea jikoni. Naona huu ni ufundi wa kweli. Katazo limetangulia tendo kwa sababu mkono wa mtu hukimbilia kitu kinachoanguka kabla akili haijauliza swali. Laiti agizo lingeanza na plagi, mkono ungekuwa umeshalowa.

Lakini shuka mistari michache. Unafika kwenye aya inayoeleza tangi liwekwe wapi: upande mmoja wa soketi, wala si chini yake moja kwa moja. Inafuata maelezo marefu ya jinsi waya unavyopaswa kuning'inia. Mwishoni kabisa mwa aya hiyo, kama jambo lililokumbukwa njiani, kuna agizo kwamba plagi au soketi ikilowa, usichomoe. Kata umeme kwenye fyuzi au brekaa kwanza.

Haya ni maagizo mawili yanayopingana, na kila moja ni sahihi mahali pake. Plagi ikiwa kavu, ichomoe. Ikiwa imelowa, usiiguse. Kosa liko kwenye umbo. Njia panda hii ndiyo moyo wa karatasi nzima, lakini imefichwa kwenye mkia wa aya ya mapambo ya chumba. Msomaji aliyefika nusu na kutosheka, na wengi wetu ndio hao, anaondoka na nusu inayoweza kumuua. Ningekuwa mhariri ningeanza na swali moja tu: plagi ni kavu?

Sasa ipeleke karatasi hii Kamere, kusini mwa Ziwa Naivasha, kwenye Barabara ya Moi South Lake, ambako wavuvi hushusha samaki na wafanyakazi wa mashamba ya maua hupanga vyumba. Sisemi kila ploti ina tangi la kioo. Samaki anayejulikana zaidi Kamere ni yule wa kukaangwa. Ila tangi dogo lenye taa ya buluu ni pambo linaloweza kukaa kwenye kinyozi, kwenye duka la simu, au chumbani kwa kijana aliyeliona mjini akalitamani.

Chumba cha kupanga mara nyingi kina soketi moja. Humo mnachomekwa ekstensheni, na kwenye ekstensheni zinapangwa televisheni, chaja, redio na, mwishoni, tangi. Brekaa iko nje, pengine ndani ya kisanduku chenye kufuli ya mwenye nyumba. Kwa hiyo agizo la kukata umeme kwenye brekaa linamtuma mpangaji kumtafuta keateka, na keateka ameenda sokoni. Msomaji dhahania wa UL 1018 ni mwenye nyumba yake, mwenye sanduku la fyuzi analoweza kulifungua usiku bila kumwomba mtu. Umeme wake pia ni wa volti 120. Wetu ni wa 240. Ajabu ni kwamba karatasi haiitaji kabisa swichi ya soketi, kwa kuwa soketi za huko kwa kawaida hazina. Hapa kwetu, kwenye soketi ya Kiingereza yenye matundu matatu, swichi hiyo ndiyo ulinzi wa kwanza alio nao mpangaji, maadamu ni kavu na mkono wake ni mkavu. Matini imempita bila salamu.

Wengi hujituliza kwa fyuzi iliyo ndani ya plagi. Fyuzi ya ampea 13 inalinda waya usiungue. Haina habari na mwili wa mtu. Brekaa ya kuzuia kuvuja kwa umeme, ile inayomlinda mtu, hukata mkondo unaovuja ukifika miliampea 30 tu. Ampea 13 ni zaidi ya mara mia nne ya hapo. Kuna pia hoja ya barazani kwamba samaki wakiwa hai, basi hakuna stima majini. Samaki anaweza kuogelea kwenye maji yenye umeme kama ndege alivyotua kwenye waya, kwa sababu mkondo haujapata njia ya kwenda ardhini. Njia hiyo ni wewe, uliyesimama peku kwenye sakafu ya saruji iliyotoka kupigwa deki, ukizamisha mkono kuokota jani lililooza.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni mchoro. Unaonyesha tangi, soketi, na waya unaoshuka chini ya soketi kabla ya kupanda tena kuingia ndani yake. Tone la maji linalotambaa juu ya waya hufika pale chini na kudondoka sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Maelezo ya maneno ya kitanzi hicho ni magumu hadi yanachosha, lakini mstari mmoja uliopinda umeyamaliza. Kitanzi hakihitaji pesa wala ruhusa ya mwenye nyumba. Hata hivyo, mchoro nao una nyumba yake kichwani, kwani soketi yake iko ukutani. Ekstensheni iliyolazwa sakafuni chini ya tangi haina mahali pa chini pa kushushia waya. Mpaka ipigiliwe msumari na kuning'inizwa ukutani, juu na kando ya tangi, kitanzi kile kinabaki karatasini.

Upungufu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni wa wakati. Karatasi inajua matukio: kimeanguka, kimeharibika, kimelowa. Haijui kuzeeka. Taa ya tangi haiharibiki kwa tukio. Ikiwa ni ya tubu, ncha zinaanza kuwa nyeusi kadiri kemikali iliyopakwa kwenye nyuzi zake za ndani inavyokwisha. Stata inajaribu kuwasha, inashindwa, inajaribu tena. Choki inanguruma na kupata moto. Chini ya kifuniko mvuke unapanda usiku na mchana, holda zinaota kutu ya kijani, na kila jioni taa inachelewa zaidi ya jana. Mwenye tangi anaipiga kofi dogo, nayo inawaka. Kesho anaipiga tena. Taa mbovu inamfundisha mtu kuigusa kwa mkono uliotoka majini, na karatasi nzima haina sentensi ya kofi hilo.

Taa za LED zimepunguza hatari, kwa kuwa nyingi hutumia volti 12 au karibu na hapo kupitia adapta. Lakini adapta yenyewe inapokea 240, na ubovu wa LED ni wa kimya: mpira wa kuziba maji unapasuka, vitaa viwili vitatu vinazimika, maji yanaingia taratibu. Kwenye boksi imeandikwa IP67, maana yake ilistahimili kuzamishwa hadi mita moja kwa dakika 30. Nambari hiyo inasimulia dakika 30 za kifaa kipya. Mwaka wa tatu juu ya mvuke haumo.

Linganisha karatasi hii na kibao cha HATARI kwenye nguzo ya transfoma. Fuvu, neno moja, basi. Kinaweza kuwa kifupi kwa sababu hakitaki ufanye lolote ila kukaa mbali. Tangi la samaki unalitia mkono kila wiki, kwa hiyo onyo lake halina budi kujaa masharti. Na masharti hayo si ya matangi peke yake: mwaka 2020 Ziwa Naivasha lilipofura na maji kuingia majumbani mtaa wa Kihoto, kile kifungu cha mkiani kuhusu soketi iliyolowa kilikuwa habari ya mtaa mzima.

Karatasi inamaliza kwa kuagiza ihifadhiwe. Lakini taa hizi huuzwa tena, hupewa jamaa, huachwa mpangaji anapohama, na karatasi haifuatani nazo. Anayeipokea anabaki na kibandiko cha adapta tu: mraba ndani ya mraba, kumaanisha ina insulesheni maradufu, kinyumba kidogo, kumaanisha itumike ndani, pipa la taka lililopigwa mistari. Katika alama zote hizo hakuna hata moja inayosema kwamba plagi ikilowa usiichomoe.