Mwenye Daftari Kando ya Kamera

Mchezo wa televisheni haupigwi picha kwa mfuatano ule tunaoutazama sebuleni. Nyumba ya Kibokoni, Mombasa, ikikodiwa kwa siku mbili, maonyesho yote ya nyumba hiyo yatapigwa siku hizo mbili, yawe ya mwanzo wa hadithi au ya mwisho wake. Mwigizaji huenda akamlilia maiti asubuhi, kisha adhuhuri akamkaribisha yuleyule marehemu chai, mzima wa afya. Katikati ya vurugu hiyo, kando ya kamera, ameketi mtu mmoja na daftari mapajani. Anaandika: kikombe kilishikwa kwa mkono wa kushoto, kifungo cha juu cha kanzu hakikufungwa, neno la mwisho lilisemwa kabla hajaketi. Kwenye seti kazi yake huitwa kontinuiti, na wengi humwita yeye mwenyewe kwa jina hilo. Nataka kuisifu kazi hiyo, na nitaipima kwa hadithi iliyo ngumu kwake kupita zote: ya kijana aliyepoteza kumbukumbu.

Mfano unaojulikana sana duniani ni Winter Sonata ya Korea Kusini, iliyoonyeshwa na KBS mwaka 2002 kwa vipindi 20, chini ya mwelekezi Yoon Seok-ho. Mwanafunzi wa shule ya upili, Kang Joon-sang, anagongwa na gari na wenzake wanaambiwa amekufa. Miaka kumi baadaye anatokea mwanamume mwenye sura yake, jina jingine na tabia nyingine, wala hamtambui msichana aliyempenda. Wote wawili ni mwigizaji mmoja, Bae Yong-joon. Miwani, rangi ya nywele, ucheshi wa huyu na ukimya wa yule, vyote ni lazima vikae mahali pake, la sivyo mtazamaji atapotea pamoja na mhusika. Watazamaji hawakupotea. Wajapani walivuka bahari kwa wingi hadi kisiwa cha Nami ili wasimame chini ya miti waliyoiona kwenye mchezo ule.

Pwani yetu nayo ina watazamaji wa namna hiyo. Mchezo wa Tausi wa KBC uliwakusanya watu mbele ya televisheni miaka ya 1990. Mwaka 2022 Citizen TV ilianza kuonyesha Sultana, kazi ya Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, ambamo msichana asiyeona ndiye mhusika mkuu. Mhusika kama huyo anaijua nyumba kwa kugusa na kwa hatua. Kiti kikisogezwa kidogo kati ya picha na picha, naye akapita bila kujikwaa, basi upofu wake umevunjika machoni mwa mtazamaji.

Tuseme sasa mwandishi wa Mombasa anatunga habari ya kijana wa miaka 16 anayeteleza kwenye ngazi za Bandari ya Kale, akagonga kichwa, akazinduka hajui yeye ni nani. Kipindi cha tatu hamjui mamake. Cha saba analijua jina la nyanyake kwa kuambiwa, hajalikumbuka mwenyewe. Cha kumi na moja harufu ya wali wa nazi inamsimamisha ghafla, ila hajui ni jiko la nani linalomjia. Kisha ratiba inakuja na kuamua kwamba cha kumi na moja kipigwe kwanza, kwa kuwa mwigizaji wa nyanya ana nafasi wiki hiyo tu. Kijana anayeigiza ameshausoma mswada wote. Anajua mama ni nani, chumba ni kipi, na hadithi inaishia wapi. Ujuzi huo ndio adui yake.

Hapo ndipo daftari linapokuwa roho ya mchezo. Vitu na nguo vimeandikwa upande mmoja, na upande wa pili imeandikwa hesabu ya ujinga: katika kila onyesho, kijana huyu anajua nini, hajui nini, na anachokijua amekipata kwa nani. Mwelekezi anahangaika na mwanga. Mwigizaji ameingia chumbani na kujitupa kitandani kama mwenyeji. Picha inapendeza, kila mtu ameridhika, kisha sauti ya upole inasema: "Samahani bwana, hapa bado hajajua kuwa chumba ni chake." Onyesho linarudiwa. Safari hii kijana anasita mlangoni, anavua viatu, anamwamkia mama mwenye nyumba, "Shikamoo," na kungoja aambiwe pa kukaa. Mama anaitikia shikamoo ya mtoto wake mwenyewe kama anayemwitikia mgeni. Kusita kule kunauma kuliko kilio chochote.

Mtunza daftari mwema huijua pia kumbukumbu yenyewe inavyofanya kazi. Mwaka 2004 Sallie Baxendale, mwanasaikolojia wa ubongo, aliandika katika jarida la kitabibu la BMJ jinsi filamu nyingi zinavyoukosea ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu: pigo la kwanza lafuta kila kitu, la pili larudisha kila kitu. Ukweli una ajabu kubwa zaidi. Henry Molaison wa Marekani alipasuliwa ubongo mwaka 1953 ili atibiwe kifafa, na tangu hapo hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Hata hivyo mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa kazi ya kuchora nyota akitazama kioo, mkono wake uliboreka siku hadi siku, ingawa yeye hakukumbuka kuwahi kuichora. Basi kijana wetu aweza kumsahau aliyemfundisha kufunga kamba za mashua, na vidole vikaifunga kamba vizuri. Hilo nalo liandikwe: mikono yajua, mwenyewe hajui.

Mji wa Mombasa nao hautulii. Maji ya Kilindini hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwenye bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama hamsini. Ukipiga nusu ya mazungumzo ufukweni leo saa kumi, ukarudi kesho saa kumi, mwamba uliofunikwa utaanza kuchungulia. Anayetaka maji yaleyale kwa saa ileile hungoja bamvua jingine, wiki mbili baadaye, na wavuvi watamwambia hivyo kabla hajafungua kitabu cha kujaa na kupwa. Pepo za kusi na kaskazi nazo huugeuza mtandio upande.

Mambo ya nyuma ni magumu zaidi. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na buluu. Daraja la kuelea la Liwatoni lilifunguliwa kwa waendao kwa miguu Januari 2021. Kijana akikumbuka utoto wake wa mwaka 2012 na ukuta wa buluu ukaonekana nyuma yake, kumbukumbu hiyo ni ya uongo, na mtu wa Mombasa ataiona papo hapo. Ongeza leso, kwani watazamaji wanawake huyasoma maandishi yake kabla ya kumtazama aliyeivaa, na adhana za Mji wa Kale zinazopokezana msikiti kwa msikiti, zisizokubali kukatwa katikati ya sentensi.

Kazi hii ikifanywa vyema haionekani, na malipo yake ni kusahauliwa. Hata Oscar haina tuzo yake. Mwelekezi Mfaransa Truffaut alimpa mwenye daftari heshima mwaka 1973 katika filamu yake La Nuit américaine, alipomweka mwigizaji Nathalie Baye katika nafasi hiyo, naye ndiye mwenye akili timamu kuliko wote kwenye seti ile. Sisi tuna vijana wengi wa Pwani wanaotaka kuigiza na kuelekeza. Wenye kampuni za michezo ya televisheni wawafundishe baadhi yao kazi ya daftari, wawalipe vizuri, wasiikabidhi kwa yeyote aliyekosa shughuli siku hiyo. Na vituo vya televisheni viyaache majina ya waliofanya kazi, mwishoni mwa kipindi, yapite kwa mwendo unaosomeka.